AHADI YA BASI: Namna Saa za Safari na Zamu za Madereva Zinavyopangwa Mjini

Kabla jua halijachomoza, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, watu huwa wamekwisha simama kando ya barabara wakingoja gari. Yupo mlinzi anayekwenda kumpokea mwenzake aliyekesha usiku kucha. Yupo karani ambaye mkubwa wake hutazama saa kila asubuhi. Yupo mama anayekwenda Soko la Wakulima kununua mboga ili aziuze mtaani kwake. Wote hutazama upande ule ule wa barabara, na kila mmoja ana hesabu yake moyoni. Gari likija upesi, siku yake imeanza vema. Likikawia nusu saa, mlinzi atakatwa mshahara, karani atakaripiwa, na mama atakuta mboga nzuri zimekwisha nunuliwa na wengine.

Wengi hudhani kwamba kuja au kukawia kwa gari ni bahati tu, kama mvua. Sivyo. Basi hufika kwa saa yake kwa sababu kuna mtu aliyekaa mezani na karatasi, kalamu na saa, akaipima njia, akayahesabu mabasi, kisha akawapangia madereva zamu zao za kazi na za kupumzika. Mahali ambapo kazi hiyo haikufanywa, au ilifanywa kwa kujidanganya, abiria hungoja na dereva huchoka. Kwa hiyo yafaa kila apandaye gari afahamu namna kazi hiyo inavyofanywa, apate kujua jambo la kudai na jambo la kuvumilia.

MJI ULIOKUA KULIKO MABASI YAKE

Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli. Mabasi ya abiria yaliletwa mjini mwaka 1934 na kampuni moja ya London, ambayo ilianza na mabasi 13 katika njia 12, yaani karibu basi moja kwa kila njia. Ratiba ya basi moja ni kitu chepesi. Basi likitumia saa moja kwenda na kurudi, abiria wa njia ile hulipata mara moja kwa saa, na mtu mwenye kumbukumbu njema hahitaji hata kuiandika.

Lakini mji haukukaa kama ulivyokuwa. Mwaka 1966 Baraza la Mji lilishirikiana na kampuni ya Kenya Bus Service kwa kuchukua robo ya hisa zake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1969, Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Katika hesabu ya mwaka 2019, walikuwa 4,397,073, yaani zaidi ya mara nane. Nyumba zilijengwa mbali na kazi, mashamba ya kando ya mji yakageuka mitaa, na mabasi hayakuongezeka kwa kadiri ile ile.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari ya matatu yachukue abiria kwa nauli bila ya leseni iliyotakiwa kwa mabasi. Jina lenyewe latokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mabasi ya Nyayo. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach kutoka Scotland ilinunua Kenya Bus Service, na mwaka 1998 ikaiuza. Katika miaka hiyo yote matatu yalizidi kuongezeka, hata yakawa ndiyo yachukuayo abiria wengi kuliko magari mengine yote ya umma. Hata leo matatu hubeba nambari za njia zilizorithiwa kutoka kwa mabasi ya zamani, kama 46 ya Kawangware na 58 ya Buruburu. Nambari zimebaki, lakini saa zilizokuwa zikiambatana nazo hazipo tena.

KWANZA, KUIPIMA NJIA

Mtu anayetaka kupanga saa za basi huanza kwa kuipima njia. Haipimi kwa maili wala kwa kilomita peke yake, kwa kuwa kilomita kumi za saa 12 asubuhi si sawa na kilomita kumi za saa 5 mchana. Huipima kwa dakika. Yeye mwenyewe, au watu wake, hupanda basi siku nyingi, kwa saa mbalimbali, na kuandika daftarini saa ya kuondoka, saa ya kupita kila kituo kikubwa, na saa ya kufika.

Na ichukuliwe njia ya mfano, kutoka mtaa ulio mbali mpaka katikati ya mji. Daftari laonyesha kwamba katika asubuhi 20 za kazi, safari fupi kuliko zote ilichukua dakika 38, nyingi zilikuwa baina ya 40 na 50, na tatu zilipita 50 kwa sababu ya mvua au gari lililoharibika barabarani. Wastani wake ni kama dakika 45. Hapa ndipo mpangaji asiye mwangalifu hukosea. Huandika 45 katika ratiba na kudhani kwamba ametenda haki. Lakini wastani maana yake ni kwamba karibu nusu ya safari zitazidi hapo, basi ameandika ratiba itakayovunjwa karibu kila siku ya pili.

Mpangaji mwenye busara huandika dakika 50, ambazo zatosha siku 17 katika 20. Siku ambazo njia ni nyeupe, basi litangoja kidogo kituoni mwishoni mwa safari, na hilo halimdhuru mtu. Tena hupima upya kila njia inapobadilika. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, magari huenda polepole kuliko Januari. Siku shule zinapofungwa barabara hupungua magari, na mwisho wa mwezi, watu wakiisha pokea mishahara, abiria huongezeka. Ratiba moja haiwezi kufaa siku zote hizo, kama vile jembe moja lisivyofaa kazi zote za shamba.

HESABU YA MABASI

Msomaji akitaka kuiona hesabu yenyewe, na atwae kalamu. Kwenda mjini asubuhi ni dakika 50. Kurudi, kwa kuwa magari mengi yanaelekea upande wa pili, ni dakika 35. Katika kila mwisho wa njia basi hupewa dakika chache za akiba, ndani yake dereva ajinyoshe, na ucheleweshaji uliotokea njiani ufutwe. Ziwe dakika 7 upande mmoja na 8 upande mwingine. Jumla ni dakika 100 tangu basi kuondoka hata kuwa tayari kuondoka tena.

Abiria wa saa za asubuhi katika sehemu ya njia yenye watu wengi ni 600 kwa saa moja, na basi moja huchukua 50. Kwa hiyo yatakiwa mabasi 12 kwa saa, yaani basi moja kila dakika 5. Gawanya 100 kwa 5, utapata mabasi 20. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yote: muda wa mzunguko mzima ukigawanywa kwa nafasi iliyo baina ya basi na basi, jibu ni idadi ya mabasi. Hakuna hila inayoweza kuikwepa.

Wengi hujaribu kuikwepa hata hivyo. Barabara ikizidi kujaa, na safari ya dakika 50 ikawa ya 60, mzunguko huwa dakika 110, na mabasi yatakiwayo ni 22. Mwenye mabasi hana mawili ya kuongeza. Kwa haki ana njia mbili tu: aongeze nafasi baina ya basi na basi, awaambie abiria ukweli kwamba watangoja zaidi, au atafute namna ya kuharakisha safari, kama kupunguza vituo vilivyokaribiana mno au kuomba njia ya mabasi peke yake. Lakini mara nyingi hufanya jambo la tatu. Huzila zile dakika 15 za akiba, akabakiza 5, na kwenye karatasi mabasi 20 yakaonekana kuwa yatosha. Tangu siku ile hakuna wakati wa kuufuta ucheleweshaji wowote. Basi lililochelewa saa 1 asubuhi litachelewa saa 2, na saa 3 litachelewa zaidi, na dereva hatashuka kitini hata kunywa maji.

Mchana hesabu hubadilika. Abiria ni 200 kwa saa, basi yatosha mabasi manne, moja kila dakika 15. Kwenda dakika 35, kurudi 35, na akiba dakika 5 kila upande, jumla 80. Ukigawanya 80 kwa 15 utapata mabasi matano na theluthi, na theluthi ya basi haipo. Ukitumia mabasi matano utakuwa umepunguza akiba. Ukitumia sita, mzunguko utakuwa dakika 90, na madereva watapata dakika 20 za kupumzika. Mpangaji mwema huchagua sita, na katika dakika hizo huwapa madereva nafasi ya kula.

KWA NINI MABASI HUJA MAWILI MAWILI

Kila apandaye basi amepata kuona jambo hili: hungoja muda mrefu bila ya kuona gari, kisha mabasi mawili yakaja pamoja, la mbele limejaa na la nyuma ni tupu. Watu husema kwamba madereva walikuwa wakizungumza. Sababu ya kweli ni nyingine, na mwaka 1964 wataalamu wawili, Newell na Potts, waliieleza kwa hesabu.

Basi likichelewa dakika mbili tu, katika kituo kinachofuata litakuta abiria wengi kuliko kawaida, kwa kuwa watu waliendelea kuja. Kuwapandisha wale waliozidi kwalichelewesha tena. Katika kituo cha tatu watu ni wengi zaidi. Wakati huo basi la nyuma lakuta vituo vimekwisha safishwa, halina wa kumpandisha, nalo lakimbia mbele. Basi mwisho yale mawili hukutana. Hakuna aliyefanya vibaya, bali kosa dogo limejizalia makosa makubwa.

Hasara yake huwapata abiria. Mabasi yakija moja moja kila dakika 10, mtu anayefika kituoni wakati wowote hungoja kwa wastani dakika 5. Mabasi yale yale yakija mawili pamoja kila dakika 20, kungoja kwake ni dakika 10. Idadi ya mabasi haikupungua hata moja, mafuta yaliyochomwa ni yale yale, na mishahara ni ile ile, lakini abiria amepoteza wakati mara mbili.

Dawa yake ni kuchagua vituo vichache njiani ambamo dereva aliyewahi hulazimika kungoja mpaka saa yake itimie. Abiria walio ndani huweza kunung'unika wakiona gari limesimama bila ya sababu. Na wafahamu kwamba kuondoka mapema ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kidogo. Basi likichelewa dakika mbili, mtu aliyefika kwa saa amepoteza dakika mbili. Likiondoka dakika mbili kabla ya saa, mtu yule yule amelikosa, naye atangoja mpaka basi jingine lije.

DEREVA NAYE NI MTU

Mpaka hapa habari imekuwa ya mabasi. Lakini basi halichoki wala halina watoto nyumbani. Sehemu iliyo ngumu zaidi ya kazi hii ni kupanga zamu za madereva, nayo ndiyo yenye hatari kubwa ikikosewa.

Sheria ya Trafiki ya Kenya humkataza mtu kuendesha gari la abiria zaidi ya jumla ya saa 8 katika muda wowote wa saa 24. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku moja ya mapumziko angalau katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dereva wa gari kubwa la safari ndefu akiisha endesha saa nne na nusu hana budi kupumzika dakika 45. Sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya kuwabembeleza madereva. Mtu aliyeshika usukani kwa saa nyingi macho yake huwa wazi huku akili imelala, na nyuma yake wameketi watu hamsini.

Hata pasipo ajali, kazi hiyo hudhuru mwili. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Waligundua kwamba madereva, waliokuwa wakikaa kitini siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi wakikata tikiti. Wote walikuwa katika basi lile lile. Basi zile dakika chache za kushuka na kunyosha miguu mwisho wa njia si anasa.

Na irudiwe sasa njia ile ya mfano. Mabasi sita hufanya kazi tangu saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku, yaani saa 17 kila moja, jumla saa 102. Mabasi mengine 14 hutakiwa saa za msongamano tu: tangu saa 11 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, na tangu saa 10 alasiri mpaka saa 2 usiku. Hizo ni saa 8 kwa kila basi, jumla saa 112. Zote pamoja ni saa 214 za kazi kwa siku.

Mtu asiyefikiri sana atasema: dereva wa basi la msongamano aendeshe saa nne za asubuhi na saa nne za jioni, hizo ni saa nane, sheria imetimizwa. Ni kweli kwa karatasi. Lakini dereva huyo ameamka saa 9 usiku ili afike depo, na atarudi nyumbani saa 3 usiku au baadaye. Kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 alasiri hana kazi, wala nyumbani ni mbali hawezi kwenda kulala. Akifanya hivyo siku sita, siku ya sita haendeshi basi, bali basi lamchukua tu.

Kwa hiyo mpangaji mwenye utu huzikata na kuziunganisha zamu kama fundi wa nguo mwenye kitambaa kidogo. Dereva aliyemaliza msongamano wa asubuhi saa 3 hupewa mapumziko, kisha humpokea mwenzake katika basi la kutwa kwa saa tatu, akaenda nyumbani mapema alasiri. Mwingine huanza saa 7 mchana katika basi la kutwa, halafu saa 10 huingia basi la msongamano hata saa 2 usiku. Zamu zilizokatwa katikati haziwezi kuondolewa zote, maana asubuhi na jioni ndizo zenye abiria. Lakini zaweza kupunguzwa, kulipwa zaidi, na kuzungushwa kwa zamu ili asizibebe mtu mmoja mwaka mzima. Hali kadhalika aliyemaliza usiku asipangiwe alfajiri inayofuata, na mahali pa kupokezana pawe na choo, maji, na kivuli.

Saa 214 zikigawanywa hivyo, kila dereva akipata kama saa saba, zitakuwa zamu 30 kwa siku. Kwa wepesi wa hesabu, siku zote za juma na zihesabiwe sawa: zamu 30 mara siku 7 ni 210. Kila dereva hufanya kazi siku 6, basi watakiwa madereva 35. Likizo zao za mwaka ni siku 735, na kuzijaza watakiwa madereva watatu wengine. Hao ni 38, na bado hawajahesabiwa wagonjwa wala waliofiwa. Mwenye mabasi 20 aliyeajiri madereva 25 hana haja ya kumwambia mtu kwamba huvunja sheria, kwani hesabu yenyewe imekwisha mshtaki.

DESTURI YA KUNGOJA GARI LIJAE

Katika matatu nyingi mambo huenda kwa desturi nyingine. Mwenye gari hutaka apewe fedha fulani kila jioni. Dereva na kondakta hulipa fedha hizo, hununua mafuta, na kinachobaki ndicho chakula chao. Katika hali hiyo hakuna atakayeondoka steji na viti vitupu, hata kama abiria wa kwanza amekaa ndani nusu saa. Wala hakuna atakayepumzika saa za msongamano, kwa kuwa kila safari aliyoikosa imetoka mfukoni mwake. Njiani hukimbizana, maana gari litanguliapo ndilo liokotalo abiria.

Si haki kusema kwamba watu hawa ni wabaya kwa tabia. Wameshika kazi ambayo malipo yake hutegemea kujaza gari na kukimbia, nao wanajaza na kukimbia. Tena isisahauliwe kwamba matatu zilikwenda mahali ambapo mabasi hayakwenda, na watu maelfu walifika kazini kwa sababu yake. Lakini gharama ya desturi hiyo hulipwa na abiria kwa kungoja, na dereva kwa usingizi. Mtu wa mashambani ataielewa kwa mfano wa maziwa. Mkulima huweka debe lake kando ya barabara alfajiri kwa sababu anajua lori la chama litapita saa fulani. Lau dereva wa lori angengoja nyumbani kwake mpaka asikie kwamba madebe yote yako tayari, maziwa ya aliyetangulia yangechacha.

YANAYOWEZEKANA

Yapo mambo yaliyokwisha tendeka ambayo yaweza kuwa mwanzo mwema. Mwaka 2014 ilitolewa ramani ya njia za matatu za Nairobi, zaidi ya 130, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Marekani, MIT na Columbia. Vijana walipanda magari wakiwa na simu za mkononi, wakaandika kila kituo. Ramani si ratiba, lakini hakuna awezaye kupanga saa za njia ambayo haijaandikwa.

Tena kanuni za Serikali za mwaka 2014 zilitaka wenye magari ya abiria wawe katika chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Mtu mwenye gari moja hawezi kupanga ratiba. Chama chenye magari 30 chaweza: chaweza kupima njia yake, kuweka fedha zote katika sanduku moja, kuwalipa madereva mshahara wa mwezi, na kulitoa gari kwa saa yake hata likiwa nusu tupu, maana hasara ya gari moja hulipwa na faida ya jingine. Hesabu iliyoandikwa hapa haihitaji mashine kubwa. Karani mmoja mwenye daftari na saa nzuri aweza kuianza. Kwa miji mikubwa yenye mamia ya mabasi zipo kompyuta. Huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Leeds, Anthony Wren na wenzake waliishughulikia kazi ya kupanga zamu za madereva kwa kompyuta tangu miaka ya 1960. Lakini kompyuta nayo hutoa ratiba ya uongo ikilishwa dakika za uongo.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walikwenda hatua nyingine. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi huko, katika barabara yake yenyewe, kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco. Basi likiwa na njia yake, safari ya leo hufanana na ya jana, na mpangaji huweza kuandika dakika bila ya kubahatisha. Hata hivyo barabara peke yake haikutosha. Abiria walizidi mabasi yaliyokuwapo, na depo ya Jangwani iliyojengwa bondeni ilipatwa na mafuriko. Hili lafundisha kwamba njia, mabasi, depo na madereva ni kama mafiga, ambayo moja likiondoka chungu humwagika.

Abiria naye ana sehemu yake. Na ashike nauli mkononi kabla ya kupanda, kwa kuwa kila sekunde ya kutafuta fedha hujumlishwa na sekunde za wengine hamsini. Na asimhimize dereva aondoke kabla ya saa, wala asimwombe asimame mahali pasipo kituo. Anapoona dereva ameshuka mwisho wa njia na kuketi kivulini dakika saba, asimdhanie uvivu. Dakika hizo saba ndizo zitakazomfikisha kazini kesho.

Watu husema ahadi ni deni. Saa iliyoandikwa kituoni ni ahadi kwa yule mlinzi, na karani, na mama wa mboga, nao wameitegemea kwa mshahara wao. Wanaopanga safari wasiahidi dakika ambazo barabara haina, wala nguvu ambazo dereva hana. Wakiahidi kidogo na kukitimiza kila siku, mtu wa mtaa wa mbali ataweza kutoka nyumbani kwake kwa kutazama saa, wala hatakuwa na haja ya kusimama gizani akikodolea macho barabara tupu.